Habu ya Baiskeli ya Milimani: Tununue Uimara, Tusinunue Mng'aro

Wahenga walituachia neno kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Neno hilo ni la kweli katika mambo mengi, lakini lina upungufu wake pale askari anapoingia dukani kununua baiskeli ya milimani. Humo dukani kinachojiuza ni rangi ya fremu, upana wa tairi, wingi wa gia na springi za foko ya mbele. Kile kitakachoamua kama baiskeli hiyo itamfikisha kituoni katika mwaka wake wa tatu hakijiuzi wala hakijitembezi. Kimekaa kimya katikati ya gurudumu, na aghalabu mnunuzi huondoka bila ya kukiuliza hata jina. Mafundi wetu hukiita habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Makala haya yanatetea jambo moja, nalo ni hili: habu inayomfaa askari ni ile inayoweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa kazini mahali pale pale anapotumikia, kwa vipuri vinavyopatikana katika mji ulio karibu naye. Wepesi, mng'aro na sifa za matangazo ni mambo ya baadaye. Hata bei yenyewe, ndogo au kubwa, haina maana mpaka swali hilo la matengenezo limejibiwa.

Jambo hili lawahusu wapiganaji na polisi kuliko raia wengi. Wengi wetu tunatumikia katika nchi ya milima: Kisoro na Kabale, Kasese na Bundibugyo, Bududa na Kapchorwa. Huko barabara ni za changarawe, misimu ya mvua ni miwili kwa mwaka, na viko vijiji ambavyo gari la doria halivifikii. Polisi aliyeitwa kusikiliza mashitaka juu ya kilima, au mpiganaji anayerejea kikosini baada ya likizo, akiwa na baiskeli nzuri ataokoa saa nyingi na nguvu nyingi. Lakini ekseli ya mbele ikikatika mteremkoni, mpanda baiskeli hana nafasi ya kutoa lawama. Ataanguka kwanza, na mashauri yatafuata akiwa zahanati. Tena yapo masuala ya fedha. Askari hununua baiskeli kwa mshahara wake au kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo huendelea kukatwa hata kama baiskeli imekwisha kutupwa nyuma ya nyumba.

KAZI YA HABU

Tuanze kwa kueleza kazi ya chombo chenyewe. Katikati ya habu pana ekseli, ambayo imefungwa kwenye fremu au foko na haizunguki. Nje yake pana ganda linalozunguka pamoja na gurudumu. Baina ya ekseli na ganda zimo gololi, nazo ndizo zinazowezesha kimoja kuzunguka ilhali kingine kimetulia. Kwenye ncha mbili za ganda yapo mabega ya mviringo yenye matundu, na humo ndimo spoki zinamoshikwa. Habu ya nyuma ina mzigo mwingine: hubeba friwili au kaseti, hupokea nguvu ya mnyororo, na juu yake hukaa sehemu kubwa ya uzito wa mpanda baiskeli.

Tutazame hesabu. Mtu wa kilo 75, akiwa na mkoba wa kilo 15 juu ya baiskeli ya kilo 15, ni kilo 105. Katika habu ya kawaida ya gololi, mbele huwa na gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, na nyuma gololi 9 za inchi 1/4 kila upande. Jumla ni gololi 38 tu, na kwa wakati wowote ule ni zile chache zilizo chini ya ekseli ndizo zinazobeba uzito. Gurudumu likiingia shimoni kwa kasi, uzito huo huongezeka mara kadhaa kwa nukta moja. Mchanga ukipenya ndani, gololi husaga njia yake kama jiwe la kusagia mtama. Waingereza waliotengeneza baiskeli zile nyeusi za zamani walilijua hilo, ndiyo maana gurudumu la nyuma walilipa spoki 40 na la mbele 32.

Historia ya baiskeli ya milimani yenyewe inathibitisha ukubwa wa jambo hili. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli nzito za kizamani na kushindana kuteremka mlimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza katika njia moja karibu na mji wa Fairfax, njia ambayo hushuka takriban mita 400 kwa mwendo mfupi. Baiskeli zile zilikuwa na breki iliyomo ndani ya habu ya nyuma, ambayo hufanya kazi mtu akirudisha pedali nyuma. Joto la breki lilikuwa kali hata grisi ikageuka moshi na kutoka nje. Baada ya kila mteremko iliwabidi waifungue habu na kuijaza grisi upya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani "jaza upya", na jina hilo lingalipo hadi leo.

Kutokana na habari hiyo twapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mlima hutafuta udhaifu wa habu kabla ya kutafuta udhaifu wa fremu. La pili, ambalo watu hulisahau, ni kwamba vijana wale waliweza kurudi mlimani kwa sababu habu zao zilifunguka. Mtu mwenye spana, kitambaa na kopo la grisi aliirudishia habu uhai wake. Lau zingekuwa habu za kutupwa, mchezo ule ungekufa mapema.

GOLOLI AU BERINGI?

Habu zilizo sokoni leo ni za jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ni zile za gololi zilizopangwa ndani ya kikombe na kubanwa na koni iliyo kwenye ekseli. Kampuni ya Shimano ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai, imeshikilia mtindo huu katika habu zake nyingi hata leo. Sifa yake ni kwamba fundi anaweza kukaza na kulegeza mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza. Gololi ni rahisi kupatikana, na koni ikiliwa hubadilishwa. Aibu yake ni kwamba haitaki uvivu. Mtu akiiacha ikauke grisi, gololi huchimba vishimo ndani ya kikombe. Na kwa kuwa kikombe kimeshindiliwa ndani ya ganda, kikiharibika ndio mwisho wa habu nzima.

Jamaa ya pili ni habu za beringi kamili, ambazo gololi zake zimefungiwa kiwandani baina ya pete mbili na kufunikwa kwa mpira wa kuzuia vumbi. Beringi hizi zina namba, na namba hiyo ni lugha moja duniani kote. Beringi namba 6000 ina tundu la milimita 10, upana wa nje milimita 26 na unene milimita 8. Namba 6001 ni 12, 28 na 8. Namba 6902 ni 15, 28 na 7. Herufi 2RS zikifuata namba, maana yake ni kwamba pande zote mbili zina mpira. Ubora wa mtindo huu ni kwamba beringi ikichakaa hutolewa, mpya huingizwa, na ganda la habu hubaki zima. Upungufu wake ni kwamba haikubali kugongwa ovyo. Lazima isukumwe kwa unyoofu, kwa kukandamiza pete ya nje. Ikipigwa nyundo upande mmoja, huwa imekwisha kuharibika kabla ya safari ya kwanza.

Je, askari achague ipi? Wako wanaobishana juu ya jambo hili kana kwamba ni suala la itikadi. Kwa maoni yangu jibu hutegemea kituo. Anayetumikia mahali ambapo fundi wa pekee yupo chini ya mwembe, mwenye spana na grisi tu, achukue habu ya gololi na koni ya kampuni yenye sifa, kisha aitunze. Anayetumikia karibu na mji wenye maduka ya vipuri vya pikipiki na mota za umeme achukue habu ya beringi, kwa sharti kwamba ajue namba yake na ahakikishe kwamba namba hiyo inauzwa mjini humo. Namba za kawaida kama 6000 na 6001 hutumika katika mashine nyingi, kwa hiyo si za baiskeli peke yake. Muuzaji asipoweza kukwambia namba ya beringi iliyomo, nawe huioni imeandikwa, usimpe fedha zako.

EKSELI NA MENO YA NYUMA

Sehemu ya pili ya kuchunguzwa ni upande wa kulia wa habu ya nyuma, mahali penye meno ya gia. Hapa ndipo baiskeli nyingi za bei ya chini zinapoficha udhaifu wake. Katika mtindo wa zamani, friwili hufungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za habu kama nati. Mtindo huo ni salama kwa baiskeli nyeusi yenye jino moja, kwa sababu friwili yake ni nyembamba na gololi za kulia hukaa karibu na fremu. Lakini friwili ikiwa na meno 6 au 7, unene wake huzilazimisha gololi zile kurudi ndani. Sehemu ndefu ya ekseli hubaki bila ya kuegemezwa, na mashimo ya barabara huipinda kidogo kidogo mpaka ikatike.

Mwaka 1978 Shimano walileta sokoni dawa ya ugonjwa huo. Waliifanya sehemu ya friwili kuwa mwili mmoja na habu, wakaziweka gololi za kulia mwishoni kabisa mwa mwili huo, karibu na fremu. Meno ya gia peke yake ndiyo huvuliwa, nayo huitwa kaseti. Kwa baiskeli ya milimani yenye gia nyingi na itakayobeba mtu pamoja na mzigo, nashauri habu ya kaseti bila ya kusita.

Njia ya kutambua ni nyepesi. Toa gurudumu la nyuma, kisha zungusha meno kinyumenyume huku ukitazama pete ndogo ya katikati inayoshikwa na spana ya fundi. Pete hiyo ikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Ikitulia ilhali meno yanazunguka, hiyo ni friwili ya nyuzi. Jaribio hili halichukui hata dakika moja baada ya gurudumu kutolewa, na halihitaji elimu ya ufundi.

Mwili unaoshika kaseti huwa wa chuma au wa alumini. Alumini ni nyepesi, lakini jino jembamba la chuma huikata mifereji yake kila mtu anaposimama juu ya pedali kupanda kilima. Baadaye meno hung'ang'ania, na kaseti hukataa kutoka. Gramu chache zilizookolewa haziulipi usumbufu huo. Askari achague chuma. Kuhusu vijino vya ndani vinavyokamata mtu akipiga pedali, matangazo husifu habu zinazokamata upesi kwa pembe ndogo sana. Sifa hiyo yafaa wanamichezo wa njia za miamba. Kwa safari ya doria, vijino vichache vilivyo vinene na springi imara vyatosha. Kampuni ya DT Swiss ya Uswisi hutumia mtindo mwingine, wa pete mbili zenye meno yanayotazamana na kusukumwa na springi, na habu zake kadhaa hufunguliwa kwa mikono mitupu. Ni kazi ya kupendeza na ya kudumu. Lakini bei yake ni kubwa, na pete zake haziuzwi katika kila mji. Anayeinunua anunue na za akiba.

Vipimo navyo havina msamaha. Habu za kawaida za zamani zina upana wa milimita 100 mbele na 135 nyuma, na ekseli hufungwa kwa nati au kwa mkono wa kukazia. Fremu nyingi za kisasa hudai ekseli nene ya kupenyeza, milimita 15 mbele na 12 nyuma, na upana wa 110 na 148. Askari anayenunua fremu ya mtumba na kuifuatishia habu mpya apime kwanza nafasi iliyopo kati ya ncha za foko na za fremu. Habu nzuri isiyoingia katika fremu ni chuma chakavu chenye risiti.

SPOKI NA BREKI

Tatu, hesabu matundu ya spoki. Kwa mtu wa uzito wa kawaida matundu 32 yanatosha. Kwa mtu mzito, au baiskeli itakayobeba mizigo kila siku, 36 ni bora zaidi. Habu za matundu 24 au 28 tuwaachie wanaokimbilia zawadi, maana spoki moja ikikatika gurudumu lenye spoki chache hupinda zaidi. Hakikisha pia kwamba rimu ina idadi hiyo hiyo, na kwamba rimu za idadi hiyo huuzwa mahali pako. Tena chagua habu inayotumia spoki za kawaida zenye kichwa kilichopindwa. Zipo habu zinazotaka spoki zilizonyooka mpaka kichwani. Ni nzuri kwa macho, lakini spoki yake ikikatika ukiwa Bundibugyo utaisubiri kama barua ya kupandishwa cheo.

Nne, kama baiskeli ina breki za diski, tazama jinsi diski inavyoshikwa. Mtindo wa skrubu sita huhitaji ufunguo mmoja mdogo wa nyota, namba 25, na skrubu zake ni za milimita 5. Mtindo wa pete moja ya katikati ni wa haraka, ila wahitaji spana yake maalumu. Yote miwili ni imara. Kwa kanuni yetu ya vipuri vilivyo karibu, natoa kura yangu kwa skrubu sita.

HESABU YA THAMANI

Hapa watasimama wale wasemao kwamba mshahara ni mdogo, na kwa hiyo habu ya bei ya chini ndiyo ya askari. Hoja yao si ya kudharauliwa, lakini tuipime kwa kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kila mtu na aweke bei za mji wake. Tuseme habu ya kwanza inauzwa shilingi 60,000, inadumu mwaka mmoja, na kila inapobadilishwa fundi hulipwa shilingi 20,000 kwa kusuka spoki upya. Kwa miaka sita, askari atakuwa ametoa shilingi 480,000. Tuseme habu ya pili inauzwa shilingi 180,000, kusuka ni 20,000 mara moja tu, na kila mwaka hutumia shilingi 10,000 za grisi na gololi. Kwa miaka hiyo hiyo sita ametoa 260,000. Tofauti ni shilingi 220,000, ambazo ni karo au mabati. Na bado hatujahesabu siku ambazo yule wa kwanza alitembea kwa miguu akingoja habu mpya.

Kwa upande mwingine, asije mtu akadhani kwamba bei ikipanda daima na uimara hupanda sawasawa. Tuseme habu ya tatu ni shilingi 900,000. Ili ilingane na ile ya pili kwa thamani, ingelazimu idumu zaidi ya miaka ishirini katika matope yetu. Kupita kiwango fulani, mnunuzi hulipia wepesi na jina. Ulinganifu huo wapatikana katikati: habu ya kampuni inayojulikana, ya daraja la chini kidogo kuliko zile za mashindano, iliyotengenezwa kwa watu wa kazi.

Wengine watasema: kwa nini kujisumbua? Baiskeli nyeusi ya jino moja ilitosha baba zetu. Naiheshimu baiskeli ile. Ndiyo iliyovusha abiria na mizigo mpakani Busia tangu miaka ya 1960, ikatupa neno bodaboda ambalo sasa lajulikana Afrika Mashariki nzima. Lakini jino moja halimsaidii mtu anayepanda kutoka bondeni mpaka kituo cha Kisoro akiwa na mkoba mgongoni. Fadhila ya baiskeli ile tuichukue: vipuri vyake vipo kila soko. Tudai fadhila hiyo hiyo kutoka kwa baiskeli mpya.

NENO KWA MAAFANDE WA BOHARI

Jambo hili halimhusu askari mmoja mmoja tu. Lawahusu pia maafande wanaonunua vifaa kwa ajili ya vituo na vikosi. Historia ya vita yatoa ushahidi. Tarehe 8 Desemba 1941 majeshi ya Japani yalishuka kaskazini mwa Malaya. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikasalimu amri. Sehemu kubwa ya askari wa miguu wa Japani walisonga mbele kwa baiskeli. Hatusifu uvamizi ule, na wazee wetu wa Keya waliopigana na Wajapani nchini Burma mwaka 1944 wangetushangaa kama tungeusifu. Lakini mpanga vifaa ana la kujifunza. Baiskeli za Japani zilikuwa zimeuzwa Malaya kabla ya vita, kwa hiyo vipuri na hata baiskeli nzima zilipatikana katika miji waliyopita. Jeshi lile halikubeba kila gololi kutoka kwao.

Madhali ni hivyo, zabuni ya baiskeli isiishie kwenye maneno "baiskeli ya milimani, rangi kijani". Iandikwe aina ya habu. Iandikwe kama ni ya gololi au ya beringi, na kama ni ya beringi namba yake itajwe. Itajwe kwamba nyuma ni ya kaseti, mwili wake wa chuma, matundu ya spoki 32 au 36, na vipimo vya ekseli. Idaiwe kwamba baiskeli zote za kituo kimoja ziwe na habu za aina moja, ili gurudumu lililovunjika fremu liweze kuokoa baiskeli ya jirani yake. Na pamoja na kila kundi la baiskeli zije koni, gololi au beringi za akiba, na spana nyembamba za koni. Mzabuni asiyeweza kutimiza hayo anauza rangi. Mali ya umma hainunuliwi kwa macho.

MATUNZO

Mwisho, hapana habu iliyo imara mbele ya uzembe. Katika chuo cha maafisa wanafunzi tulifundishwa kukagua silaha kwa zamu, bila kungoja itoe kasoro; habu nayo yataka desturi hiyo. Kila wiki shika rimu, isukume kushoto na kulia. Ikigongagonga, koni imelegea au beringi imechakaa. Inua gurudumu, lizungushe, weka kidole kwenye fremu: ukihisi mkwaruzo, uchafu umeingia. Usioshe habu kwa mpira wa maji ya nguvu, kwani maji hupenya pasipo vumbi kupenya na kuisukuma grisi nje. Baiskeli ikizama mtoni hadi habu, ya gololi ifunguliwe mapema iwezekanavyo, wala isingoje mwisho wa mwezi.

Wakati wa kuifungua, gololi zibadilishwe zote pamoja. Mpya zisichanganywe na kuukuu, kwa sababu zile kubwa zaidi, hata kwa kiasi kisichoonekana, ndizo zitakazobeba mzigo wote. Spana za kawaida ni nene mno kwa koni. Zitumike zile bapa, aghalabu za milimita 13 mbele na 15 nyuma. Habu ya ekseli yenye mkono wa kukazia iachiwe mchezo mdogo sana kabla ya kufungwa, maana mkono ukikazwa hubana ekseli na mchezo ule hutoweka. Ikikazwa kabisa kabla, gololi zitasagika.

Ndugu mpiganaji, na wewe ndugu askari polisi, mkopo wa baiskeli ukiidhinishwa, usikimbilie rangi. Nenda dukani na rula na kitambaa. Zungusha ekseli kwa vidole viwili, usikilize. Hesabu matundu. Uliza namba ya beringi. Zungusha meno kinyumenyume uone kama ni kaseti. Kisha, kabla ya kulipa, pita kwa fundi wa mji unaotumikia, umwulize kama habu ya namna hiyo anaweza kuifungua na kama vipuri vyake anavyo. Akisema ndiyo, nunua. Akisema hapana, rudisha fedha mfukoni ukatafute nyingine, kwa maana atakayeitwa siku baiskeli itakapokwama mlimani ni yeye, wala si yule aliyekuuzia.